Mwanaume Asiye na WhatsApp

Wanawake wa mtaa wa Panda, hapa Likasi, wana kipimo chao cha kumpima mwanaume, na siku hizi kipimo hicho ni WhatsApp. Mwenye WhatsApp unamwona waziwazi: saa gani alikuwa macho, picha gani ameweka, nani amemwekea moyo mwekundu. Asiye nayo, basi ana mke mahali, maneno yamekwisha. Hayo ndiyo aliyokuwa akihubiri Tantine Carmen mchana ule wa Jumamosi, siku ya posho, amekaa kwenye kiti kikubwa cha marehemu kaka yake, simu yake ya bei imelala juu ya paja kama paka.

“Weye Orpa, nipe numéro ya huyu ingénieur wako. Nione photo yake mbele hajafika.”

Orpa alikuwa akipangusa meza ambayo alikwisha kuipangusa asubuhi. “Hana WhatsApp, Tantine.”

“Hana nini?”

“Simu yake haikubali.”

“Simu gani haikubali WhatsApp? Hata muuza nyanya wa pale kona iko nayo!” Tantine akapiga makofi, akageukia jikoni. “Marceline! Unasikia? Mukwe wako hana WhatsApp! Uyu muntu iko na bibi ingine, minye nawaambia. Bibi na batoto.”

Mama Marceline alikuwa anainamia mbabula yake, anapuliza makaa chini ya sufuria ya kuku, na hakutaka mchuzi uungue kwa sababu ya mdomo wa wifi yake. Lakini Orpa alijua kwamba neno la Tantine Carmen si upepo. Tangu baba yake afariki, yeye Tantine, dada wa marehemu anayeishi Lubumbashi, ndiye baba. Yeye atakubali dot, mahari ya Orpa, au ataikataa. Ndiyo maana siku hiyo ilichaguliwa: Tantine yuko Likasi, na Chadrack, huyo ingénieur, anakuja kuona mlango.

Kuona mlango si posa, msije mkachanganya. Mwanaume anakuja peke yake, anakaa, anaulizwa habari za kwao, anaaga. Hali kitu. Mama mkwe anampikia kuku mzima, anaifunga sufuria kwa kitambaa cheupe, na mkwe anaondoka nayo akale na watu wake. Kwa akina Orpa ilikuwa hivyo toka kwa bibi zao, na hata kanisa la uamsho halikuweza kuigusa desturi hiyo.

“Mukwe wa minye,” Tantine akaendelea, maana alikuwa na binti aliyeolewa karibuni na hakuna aliyeruhusiwa kusahau, “siku ya kuona mulango alikuya na gari. Simu tatu! Ngoja niwaonyeshe video ya dot, mutaona batu.”

Akachomeka flash disk kwenye televisheni. Televisheni ikakataa. Akaichomoa, akaifuta kwa kitenge, akaichomeka tena. Ikakataa.

Orpa hakuwa na moyo wa kusaidia. Moyo wake ulikuwa njiani, unahesabu nguzo pamoja na Chadrack, na ulikuwa unaomba jambo moja tu: Ee Bwana, asije na ile simu.

Ile simu, jamani! Nene kama sabuni ya kufulia, mgongo wake umeshikwa na mpira wa kufungia noti. Chadrack aliipata kwa shida kutoka mbali, na aliipenda kuliko mtu anavyopenda ng’ombe. Ilikuwa simu ya Linux. Ndani yake hamna kampuni kubwa iliyokaa kama mwenye nyumba; kila kitu unaweza kukifungua, kukisoma, kukibadilisha. Ukiichomeka kwenye kioo cha televisheni na kibodi, inageuka kompyuta kamili. Chadrack alikuwa anafanya kazi nayo katika secrétariat public ya Papa Mathieu kule Kikula, anachapa barua za watu na mabango ya harusi. Hapo ndipo Orpa alipomkuta, siku alipopeleka nyimbo za kwaya zichapwe. Umeme ukakatika, mtaa mzima ukalia, kompyuta zote zikafa na kazi za watu. Yeye akachomoa simu yake mezani, akampa Orpa aone: wimbo wake uko palepale, mpaka mstari wa mwisho.

“Hii simu haina bwana,” alimwambia siku hiyo. “Bwana yake ni minye.”

“Na inapiga?”

“Mara ingine.”

Orpa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mapenzi yakaingilia hapo.

Chadrack alikuwa na wenzake wenye ugonjwa huo huo, mmoja Brazili, mmoja Polonya, watu ambao hakuwahi kuwaona, na walikuwa wakiandikiana jinsi ya kuifanya kamera isitoe picha za giza. Simu ikiita kweli na mtu akasikika upande wa pili, Chadrack alikuwa akishangilia kama amefunga bao. Na mgongoni, chini ya kifuniko, ilikuwa na viswichi vidogo vya kuzima kinasa sauti na kamera, kuzima kabisa kwa chuma, siyo kwa maneno. Siku alipotaka kumwambia Orpa kwamba anampenda, alifungua kwanza kile kifuniko, akasukuma kiswichi kwa ukucha. “Sasa hakuna anayetusikia,” akasema. “Ni weye na minye tu.” Na Orpa hakuwahi kusikia neno tamu kuzidi mlio ule mdogo wa kiswichi.

Lakini utamu wa wawili si utamu wa barza. Nyumbani alisema “ingénieur”. Hakusema zaidi. Na juzi alimsihi: “Chadrack, nakuomba, siku ya posho azima simu ya Papa Mathieu. Na uvae viatu vyeusi.” Chadrack alitabasamu tu, akasema ataona.

Basi aliona. Alipotokea getini, viatu vilikuwa vyeusi kweli, chini ya vumbi jekundu. Lakini mgongoni alikuwa na begi ambalo halikufungika, fil, yaani nyaya zake, zinaning’inia pande zote kama utumbo, kibodi chini ya kwapa, na simu mkononi na mpira wake. Alitaka Mama aone ofisi yake. Uso wake ulikuwa unang’aa kama wa mwanafunzi aliyeleta matokeo nyumbani.

Tantine Carmen ndiye aliyemwona kwanza, kutoka barazani.

“Eeh! Na huyu na mafil yake, ametoka mu shimo gani?” Akacheka, kicheko chake cha Lubumbashi chenye pete na bangili. “Angalia simu! Wamefunga na mpira! Orpa, huyu ni nani?”

Yote yangekwisha hapo kwa neno moja. Neno lilikuwepo mdomoni, Orpa alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo. Lakini aliuona mdomo wa Tantine uliobaki wazi, tayari kwa kicheko cha pili. Haya ikampanda kutoka miguuni, moto, ikafika masikioni.

“Ni… ni réparateur, Tantine,” akasema. “Nilimuita juu ya télé.”

Chadrack alimwangalia. Hakumwangalia kwa muda mrefu. Ule mwanga wa usoni ulitoka taratibu, na Orpa akauona unavyotoka. Kisha kijana akainamisha kichwa kwa heshima.

“Njo minye, Tantine,” akasema. “Télé iko wapi?”

Angekataa! Angesema, angalau angekohoa! Orpa angepata mahali pa kushika. Lakini alivua viatu, akaingia navyo mkononi, akapiga magoti mbele ya televisheni, akaanza kuichunguza kama mtu aliyeitwa kwa kazi hiyo.

Mama Marceline akatoka jikoni, kitenge kipya kiunoni, akaja na mkono ulionyooshwa kumsalimia fundi. Chadrack akaruka kando. Akageuza uso ukutani, akapiga makofi mawili madogo, macho chini.

“Jambo, Mama,” akasema kwa sauti ndogo.

Mkono wa Mama ukabaki hewani. Akauangalia, akaurudisha.

“Fundi hana adabu,” Tantine akanong’ona kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia.

Mama akavuta kigoda akae karibu. Chadrack akasimama palepale, akahamia upande wa pili wa televisheni, mgongo kwake. Mama akawa anamtazama tu.

“Flash iko na fomati ile hii télé haijue,” Chadrack akasema akiongea na ukuta. “Nitapitishia mu simu yangu.”

Akatoa fil zake. Akachomeka hapa, akaunga pale, kibodi akaiweka sakafuni. Na kwenye kioo kikubwa kikatokea kile alichokuja kukionyesha kwa fahari: madirisha, saa, mshale unaotembea. Kompyuta nzima, imetoka kwenye sabuni ile.

“Weye!” Tantine akasogeza kiti. “Simu imekuwa ordinateur?”

Na Chadrack, masikini ya Mungu, akasahau. Akageuka nusu, macho yakawaka. “Njo vile, Tantine! Ni kitu kimoja. Unatembea nayo mu mufuko, ukifika mahali iko kioo, unakaa unatumika. Hakuna muntu anaweza kukufungia. Ikiharibika unafungua, unatengeneza weye mwenyewe. Iko mwenzangu mumoja wa Brazili…”

“Weka video,” Tantine akasema.

Akaweka. Dot ya binti wa Tantine ikaanza kwenda, lakini kwa kurukaruka: mjomba mguu juu, mjomba mguu chini, bila sauti. Tantine akawa anataja majina na bei za vitenge. Chadrack akaigusa simu, akakunja uso. Imepata moto. Akaanza kuipepea kwa daftari la kwaya, halafu akaipuliza kwa mdomo, fuu, fuu, kama mama anayepoza uji wa mtoto. Na wakati bwana harusi anaingia mlangoni, miwani myeusi, kofia mkononi, kioo kikawa cheusi.

“Imechoka,” Chadrack akasema. “Inaomba kupumuzika kidogo.”

“Simu inaomba kupumuzika!” Tantine akajishika mbavu. “Aah, mulimutoa wapi huyu? Fundi wa kupuliza!”

Na Orpa akacheka.

Sitaki kumtetea. Alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, chembamba, cha kumfurahisha shangazi, na alipojisikia anacheka alitamani sakafu ya baba yake ifunguke. Chadrack hakuinua macho. Alikuwa anakunja fil moja moja, anazifunga vizuri, kila moja na kifundo chake.

“Orpa,” Mama akauliza polepole, “na mugeni wako? Mbona hafiki?”

“Labda… labda amepata empêchement, kitu kimemuzuia, Mama.”

“Mm.” Mama akasimama. “Kuku isilale bure. Fundi, nawa mikono. Nitakuwekea bukari na kuku, ukule hapa mbele yangu.”

Harufu ya ugali na kuku ilikuwa imejaa nyumba nzima, na Chadrack alikuwa ametembea kwa mguu kutoka Kikula. Koo lake likapanda, likashuka.

“Aksanti sana, Mama. Hapa siwezi kula.”

“Juu ya nini? Kuku yangu ni mubaya?”

“Hapana, Mama. Munisamehe tu.”

Akabeba begi na viatu vyake. Mlango wa mbele ulikuwa hatua chache, lakini Mama alikuwa amesimama karibu nao. Basi akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba yote, akapita kwenye matope ya bomba na bustani ya matembele, ili asipite mbele yake.

Orpa akamkimbilia getini.

“Chadrack, ngojea. Nitakueleza. Nitakutumia message.”

“Utatuma wapi?”

“Basi nitapiga.”

“Imezimika, uliona.” Akajaribu kutabasamu, mdomo ukakataa. “Sina hasira, Orpa. Ingekuwa hasira ningesema. Niko na haya. Nilitembea na hii kitu miaka yote, batu wanacheka, haikunigusa hata kidogo. Leo haya yako imeniingia minye. Nimejiona vile unanionaka.”

“Sikuonake vile!”

“Ulisema nani amefika?”

Orpa akaitazama miguu ya Chadrack, yenye matope mpaka vifundoni.

“Uambie Mama kuku yake inanukia muzuri,” Chadrack akasema, akaenda.

*

Jikoni, Mama Marceline alikuwa anafunga sufuria kwa kitambaa cheupe. Hakugeuka Orpa alipoingia.

“Minye ni mujinga, Orpa?”

“Hapana, Mama.”

“Fundi gani anakimbia kivuli cha mama ya nyumba? Nilimupa mukono, akaficha wake. Nikakaa, akasimama. Nikamuwekea kuku, na njaa naiona mu shingo, akakataa. Baba yako alikuwa anakwepa mama yangu vilevile. Siku moja alianguka mu shimo ya takataka juu ya kumukwepa!” Akakaza kifundo. “Ile si kukosa adabu. Ile ni buko. Ni mukwe anamuheshimu mama mukwe wake. Na nikataka kuhakikisha, njo nikamuambia akule mbele yangu. Angekula, ningejua ni fundi.”

Orpa akakaa chini, palepale kwenye sementi, akajifunika uso na kitenge.

“Mama, nilisikia haya.”

“Haya ya nini? Ya simu?”

“Ya Tantine kumucheka. Ya kunicheka minye.”

“Na sasa? Haya imekwenda?”

“Imezidi.” Akalia kwa sauti. “Imezidi, Mama. Aliyafanya yote, aliyakubali yote, ili minye nisionekane muongo.”

Mama akamwacha alie. Hakuwa mama wa kubembeleza kila kitu. “Ulipozaliwa, minye nilitaka uitwe Ruth. Baba yako akasema Orpa. Nikamuambia, Orpa wa Biblia alimubusu mama mukwe, akarudi kwao. Akasema jina si kitu.” Akainua sufuria, akaiweka mbele ya magoti ya binti yake. “Simama. Kuku ya mukwe hailale ku nyumba ya mama mukwe. Utaipeleka.”

“Leo?”

“Sasa. Ku kichwa, kwa miguu, na utokee mulango ya mbele.”

“Batu bataniuliza.”

“Njo unapeleka juu ya nini? Juu bakuulize.” Sauti ya Mama ikalainika kidogo. “Unisikie. Sufuria ya ukweni, mukwe anairudisha mwenyewe, na haikuyake tupu. Akibaki nayo, amekusamehe. Akikupa mu mukono uirudishe weye, mwanangu, usimulilie, usimusumbue. Utarudi nayo, na tutanyamaza.”

Barazani, Tantine Carmen alikuwa bado anapambana na flash disk yake.

“Unaenda wapi na kuku ya mugeni?”

“Kwa mwenyewe, Tantine.”

“Mwenyewe nani?”

Orpa akashika sufuria kichwani kwa mikono miwili. “Yule wa mafil. Nilikudanganya. Yule si réparateur. Njo yeye.”

Tantine akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. “Yule wa kupuliza?”

“Njo yeye.”

“Orpa! Ukivuka geti na ile sufuria, usiniite ku dot. Nasema kwa jina la kaka yangu!”

Miguu ya Orpa ikasita. Ni jambo zito, msidhani. Bila Tantine hakuna wa kukaa upande wa baba, na dot isiyo na upande wa baba ni ya nani? Akageuka kumtazama Mama, lakini Mama alikuwa mlangoni, mikono nyuma, anaangalia bustani ya matembele iliyokanyagwa. Hakumsaidia.

Akavuka.

Panda mchana wa siku ya posho ni macho matupu. Kila barza ina mwenyewe, kila mwenyewe ana swali. Mama Fidélie, kiongozi wa kwaya, ndiye wa kwanza.

“Orpa, kuku ya nani hiyo?”

“Ya mukwe wa mama.”

“Mukwe? Mukwe gani? Hatukusikia!”

“Chadrack wa Kikula. Wa secrétariat.”

“Yule wa simu ya mpira?” Na kicheko kikaanza barza hadi barza, kikimfuata nyuma kama bata. Uso ulimwaka. Dereva wa pikipiki akapunguza mwendo, akamwambia apande, sufuria haitalipa. Akakataa. Mchuzi ukapenya kitambaani, ukamtiririka shingoni, ukaingia kwenye blauzi yake ya kanisani. Aliiacha ichafuke. Kila aliyeuliza alimjibu, na kila jibu lilimkata, na alisema jina lile zima bila kulikatisha, mpaka akaona linatoka bila kukwama.

Secrétariat ya Papa Mathieu ilikuwa imejaa. Groupe, ile jenereta, ilikuwa inanguruma nje, watu wamekaa kwenye benchi wakingoja kazi zao. Chadrack alikuwa pembeni, simu yake imelala mezani imefunguliwa mgongo, inapoa. Alimwona Orpa na sufuria kichwani, akaelewa, maana kitambaa kile kila mtu anakielewa. Mkono wake ukaenda wenyewe, kwa mazoea, kwenye kile kiswichi cha kuzima kinasa sauti, ili maneno yao yawe ya wawili tu.

“Acha,” Orpa akasema. “Usizime. Nataka wasikie.”

Benchi lote likageuka. Orpa akatua sufuria, akapiga magoti kwenye vumbi la karatasi.

“Leo huyu alikuya kwetu kuona mulango. Minye njo nilimuita. Akafika, nikasikia haya, nikasema ni réparateur. Wakamucheka, na minye nikacheka.” Sauti ikapasuka, akaiunganisha. “Mama yangu amemutambua. Yeye alimuona mara moja tu, akamutambua. Minye ninayemupenda, nikamukana. Kuku hii ni yake. Nimeibeba ku kichwa tangu Panda, na nimewaambia bote ni ya nani.”

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema “Yoo, mama,” kwa huruma, na ndiyo iliyomuumiza Orpa zaidi.

Chadrack alikuwa anaangalia simu yake. “Bado inauma, Orpa,” akasema.

“Najua.”

“Siyo juu ya télé. Kicheko chako.”

“Najua. Ninakisikia hata sasa.”

Papa Mathieu, mzee mwenye miwani iliyofungwa na uzi, akakohoa. “Batoto, kuku inapoa.”

Kuku wa ukweni haliwi peke yake. Papa Mathieu akavuta meza, akamwita Chadrack, wakanawa, wakala. Orpa alikaa kwenye kona ya benchi, macho kwenye vidole vya miguu yake vilivyojaa vumbi. Haruhusiwi kula nao. Hata angeruhusiwa asingeweza kumeza. Alisikiliza mifupa inavyovunjwa. Alisikiliza sufuria inavyokwanguliwa. Kisha Chadrack akainuka, akaibeba nje hadi bombani, na maji yakasikika, na mchanga unavyosugua, kwa muda mrefu.

Anaiosha anirudishie, Orpa akawaza. Anairudisha safi kwa sababu ya Mama.

Chadrack akaingia na sufuria inayong’aa, ameishika kwa mikono miwili, akaja moja kwa moja alipo. Orpa akasimama. Alikumbuka alichoambiwa: usimlilie, usimsumbue. Akanyoosha mikono, machozi yanamshuka bila sauti.

Chadrack akampita. Akainama, akaiweka sufuria chini ya meza yake, kando ya fil na kibodi, akaifunika. Kisha akarudi na kile kitambaa cheupe, amekikamua, amekikunja.

“Hiki uchukue. Mama atakitafuta.”

“Na sufuria?”

“Sufuria iko na mwenye kuirudisha. Siku ya posho inayokuya, minye na Papa Mathieu.” Akakaa, akaishika simu yake, akaifunga mgongo. “Tantine wako atakuwa pale?”

“Amesema hatakuya ku dot.”

“Tutampitia hata Lubumbashi. Na akiuliza tena?” Sasa alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu barazani, na macho yake hayakuwa yamepona. “Mafil yangu yatakuwa palepale, Orpa. Na simu ni hii, sina ingine. Akiuliza huyu ni nani?”

Haya ikampanda Orpa tena, kutoka miguuni, moto uleule. Haikuwa imekwenda popote. Akakishika kitambaa kwa nguvu.

“Huyu njo bwana yangu,” akasema.

Chadrack akaegemea mbele, mkono sikioni.

“Sema tena. Groupe inapiga kelele.”

Akasema tena, kwa sauti ya barabarani.